Walioondoka Bila Kuaga

Sharifa alikuwa ameshafagia uwanja, mchanga umelala vizuri, ndipo jirani yao Rebeka, mwalimu wa shule ya msingi, akaja kumjulia hali Bibi Mwanaidi. Alikaa kidogo, akaaga, akaenda zake. Sharifa alipotoka kumwaga maji akaona nyayo za ndala za Rebeka zikielekea getini, na pembeni yake, sambamba kabisa, nyayo za mtu aliyetembea peku, miguu imelowa chepechepe. Zimefika getini. Halafu zimerudi ndani.

Nyumba ile ya mtaa wa Rahaleo ilikuwa na watu wawili tu, Sharifa na bibi yake, na Bibi miguu ilishamkatalia tangu masika.

Alijua, jamani! Hakuna cha kujiuliza wala nini, alijua palepale ni nani. Na badala ya kupiga kelele, akachukua ufagio akazifuta.

Ukoo wa Bibi Mwanaidi ndio watunzaji wa gofu la msikiti kule karibu na mdomo wa Ruvuma, nyuma ya mikoko. Paa lilishaanguka zamani, lakini kibla, kile kidaka cha ukutani anamosimama imamu, kingali kizima: mawe ya matumbawe yaliyochongwa maua na aya, mpaka unajiuliza fundi yule alikuwa na subira ya namna gani. Na humo kwenye kibla anakaa mwenyewe. Jina lake halitajwi, ukoo humwita Mwenyeji. Hana ubaya na mtu. Unapiga hodi, unatazama, ukitosheka unasema, "Mwenyeji, tunaaga," naye anabaki kwake. Usipoaga anatoka kukufuata akusindikize, maana kwake yeye mgeni aliyeondoka kimya bado hajaondoka.

Sharifa alipata kazi kwenye mradi wa kupiga picha mambo ya kale, zile picha ambazo mtu akivaa miwani mikubwa ya kufunika uso anajiona kasimama mlemle ndani, hata kama yuko Ulaya. Bibi ndiye aliyetoa ruhusa.

"Wapige tu, mjukuu wangu, watu waione kazi ya mababu. Ila kila anayeingia apige hodi, na akitoka aage. Liwekeni hilo kwenye mashine yenu."

"Tutaweka, Bibi."

"Apa."

"Wallahi, Bibi, nitaweka."

Kwa mdomo wake huohuo. Kisha akafika ofisini, mtaa wa Chikongola, na mkuu wake Gideoni, mtu mpole wa Iringa asiye na neno baya na mtu, akamwambia, "Dada Sharifa, hodi sawa, inavutia. Lakini mtu akimaliza anavua miwani, basi. Ukimlazimisha kuaga utamchosha." Angeweza kubisha. Angeweza hata kusema, mkuu, mimi nimeapa. Mkataba wake ulikuwa ukingoni, akasema, "Sawa, mkuu." Picha zikarushwa mtandaoni, watu wakaanza kuingia na kutoka, kutoka kila pembe ya dunia, na hakuna hata mmoja aliyeaga.

Basi angeishia hapo! La, akaileta miwani nyumbani amfurahishe Bibi. Bibi alipovishwa alinyoosha mikono hewani kama anayepapasa ukuta, machozi yakimshuka. "Ndo penyewe! Yallah, ndo penyewe! Hata lile ua lililomeguka lipo!" Akatazama mpaka akatosheka, kisha akauliza, "Sasa pa kuagia ni wapi, mjukuu wangu?"

Aibu ikampanda Sharifa usoni. Kabla Bibi hajafumbua mdomo tena, akamvua ile miwani haraka haraka. "Chaji imeisha, Bibi."

Bibi akamtazama. Akataka kusema neno, kauli isitoke. Daktari alimpima, hakuona kitu.

Siku ile ya nyayo Sharifa akamwita Mwalimu Idrisa wa madrasa. Mwalimu alisimama mlangoni akanusa: ubani, na chokaa mbichi. Akashusha sauti. "Nani kaingia kwake akatoka kimya?"

Sharifa akaangua kilio, akaeleza yote. "Nimemponza bibi yangu, Mwalimu. Ni mimi."

"Punguza sauti, anasikia. Huyu kisomo hakimtoi, hakuvamia, kaja kwa adabu zake. Bibi hana kauli, basi wewe uliyemwingiza umuagie. Ingia."

"Na wale wengine wote?"

"Kwanza bibi yako."

Mchana kweupe, jua la utosi, Mwalimu akaanza kusoma Yasini na Sharifa akaketi kitini, akavaa miwani, akapiga hodi, akajikuta kasimama ndani ya gofu, akasogea hatua kwa hatua kuelekea kwenye kibla huku akiyapanga maneno kichwani, na alipofika akaona kidaka kitupu, kitupu kuliko alivyokipiga picha yeye mwenyewe, kama chumba ambacho mtu ametoka sasa hivi, na hapo ndipo akagundua kwamba huku nje sauti ya Mwalimu imekatika katikati ya aya, harufu ya chokaa imemjaa puani, na miguu iliyolowa inakuja taratibu juu ya sakafu, chapa, chapa, ikasimama nyuma ya kiti chake.

"Mwenyeji," akanong'ona, "tunaaga."

"Sharifa." Ilikuwa sauti ya Bibi, nyepesi, nzima kabisa. "Unamuaga nani huko? Mwenyewe yuko huku. Mimi keshanirudishia kauli, tumeagana vizuri."

"Bibi! Alhamdulillahi, Bibi yangu!"

"Aliniuliza nani aliyeapa." Bibi akavuta kamasi. "Sikuweza kumdanganya, mjukuu wangu."

Sharifa akaishika miwani aivue. Akivua, ametoka tena bila kuagana na mtu. Akabaki ameishikilia, anakitazama kile kidaka kitupu, anasema nisamehe, nisamehe, asijue anamwomba nani.

"Vua, mama," Bibi akasema huku analia. "Viatu vyako keshakuwekea mlangoni, akusindikize."