Amri Isiyojibu

"Wakala ameshuka kula. Una dakika arobaini."

Sauti ya Mkuu wa idara ikakatika sikioni.

Sindano alishuka kwenye ngazi aliyoiegemeza chini ya kiyoyozi, akafunga komeo la mlango, akapiga goti mbele ya meza ya Wakala. Katika idara ya ujasusi walimwita Sindano kwa sababu aliingia bila kelele, maumivu yakaja baadaye. Leo alikuwa amevaa ovaroli la fundi wa viyoyozi. Bastola ndogo aina ya Walther ilikuwa imefungwa kwenye kifundo cha mguu.

Kufuli la droo lilimchukua sekunde tisa.

Ilikuwemo. Diski ya SSD, ya kuhifadhia data ya kompyuta, ndani ya kasha la bati, ndogo kama kiberiti.

Ilikuwa na majina sitini na matatu ya watoa habari wa idara. Karani aliyeyaiba alikuwa ameshakamatwa, lakini diski ilikuwa imeshamfikia Wakala, mtu aliyejulikana mjini kwa kusafirisha mizigo halali. Saa saba kamili Mnunuzi angekuja kuichukua, mgeni ambaye serikali yake ilikuwa haijawahi kumsamehe mtoa habari hata mmoja.

Amri ya Mkuu ilikuwa fupi. Asiivunje, asiondoke nayo. Kasha lilikuwa na namba ya idara, na Mnunuzi alitakiwa akamatwe nalo mkononi. Lakini akiponyoka, aponyoke na kitu kitupu.

Sindano aliichomeka diski kwenye kompyuta aliyoificha chini ya spana, ndani ya mfuko wa zana. Akafungua faili moja, kuhakikisha tu.

Mstari wa kumi na tisa aliusoma mara mbili.

Lilikuwa jina la shemeji yake. Mume wa dada yake, yule anayetoweka wiki mbili mbili na kurudi mikono mitupu, macho mekundu, bila maelezo. Ukoo mzima ulimsema. Sindano ndiye aliyemsema kuliko wote.

"Mbona kimya?" Mzee Waya aliuliza sikioni. Huyu alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa idara, mtu wa taratibu kuliko kobe.

"Nafuta faili, mzee."

"Usifute hivyo, mwanangu. Hiyo ni kuchana ukurasa wa yaliyomo. Kitabu kizima kinabaki."

Akaanza kueleza, bila haraka, kana kwamba wako darasani. Diski za aina hii huweka data katika bloku, yaani vyumba vidogo vidogo, na ni diski yenyewe ijuayo kila bloku imelala wapi. Hata ukiandika mengine juu yake, mabaki hujificha pembeni. Dawa ni kuiamuru diski iachie bloku zote kwa mkupuo. Amri yenyewe huandikwa kwenye lile dirisha jeusi, inaitwa blkdiscard, nayo haina kurudi nyuma.

Sindano aliiandika. Akabonyeza.

*Kifaa kinatumika.*

Mzee Waya alisema ni kwa sababu diski bado imefunguliwa, aitenganishe kwanza na mfumo. Akaitenganisha. Akabonyeza tena.

*Kitendo hakikubaliki.*

"Mzee, inakataa."

"Si diski inayokataa. Ni kasha. Waya wa kasha haupitishi amri hiyo. Itoe, uichomeke ndani ya kompyuta moja kwa moja."

Sindano alilitazama kasha. Skrubu nne, kila moja ndogo kama punje ya mtama. Kwenye mfuko wake kulikuwa na spana saba, koleo mbili, nyundo na bisibisi nene kama kidole gumba. Zana za kutosha kuibomoa ofisi nzima, na hakuna hata moja ya kufungua kiberiti.

Alitamani kulipiga nyundo, yaishe.

Zilibaki dakika ishirini na mbili.

Akapekua droo ya Wakala kwa hasira. Karatasi, mihuri, dawa za tumbo. Chini kabisa palikuwa na bisibisi ya kukazia miwani. Aliichukua. Iliteleza mara tatu, mara ya nne ikashika.

Alifungua kasha, akafungua tumbo la kompyuta, akapachika diski. Akawasha. Kompyuta ikajivuta kama mgonjwa anayeamshwa.

"Sasa zipo diski mbili," Mzee Waya akamwonya. "Yako na yake. Zinatofautiana herufi moja tu. Nisomee jina kabla ya kubonyeza."

Akasoma. Akarudishwa asome tena. Akasoma huku meno yameumana.

"Bonyeza."

Sekunde mbili. Mstari mweupe ukarudi pale pale, ukipepesa.

"Haijasema kitu."

"Ikikubali, haisemi."

"Mzee, nina roho za watu hapa. Nataka jibu."

Akampa amri nyingine, ya kusoma bloku moja moja. Skrini ikajaa sifuri, mstari baada ya mstari. Sindano aliizima kompyuta, akaichomoa diski.

Viatu vilisikika ukumbini. Alirudisha diski kwenye kasha, akakaza skrubu tatu. Ya nne ilidondoka, ikapotea kwenye zulia. Aliilaani kimoyomoyo, akarudisha kasha na bisibisi drooni, akaifunga, akafungua komeo. Wakala alipoingia, fundi alikuwa juu ya ngazi akifuta vumbi.

Nyuma ya Wakala aliingia Mnunuzi, suti ya kijivu, uso usio na habari. Fundi akaambiwa apishe.

Alisimama ukumbini na ngazi yake. Dakika tatu zilipita. Kisha Mnunuzi akauliza kwa sauti ya chini kwa nini diski haina kitu. Wakala akaapa. Akaapa tena. Kiti kikaanguka.

"Sasa," Sindano alinong'ona.

Askari wanne waliokuwa wakingoja chini walipanda. Mnunuzi alisikia viatu vyao, akatoka mbio kabla hawajafika, bastola mkono mmoja, kasha mkono mwingine.

Sindano aliisukuma ngazi kwa mguu.

Ilimpiga magotini, akaanguka. Bastola ikaserereka hadi ukutani. Kasha hakuliachia, hata alipokuwa akifungwa pingu.

Barabarani jua lilikuwa utosini. Simu ya Sindano ikalia. Dada.

"Mdogo wangu, huyu mtu kaondoka tena. Hata kuaga hakuaga. Mara hii narudi nyumbani kwetu."

Sindano aliukumbuka mstari wa kumi na tisa. Kuhusu huo hakuruhusiwa kusema neno.

"Mvumilie, dada. Akirudi mpashie maji ya kuoga, umwache alale."

"Wewe ndiye unayesema hivyo?"

"Mimi."

Akakata simu, akavuka barabara bila kugeuka nyuma.