Herufi Zisizosomwa

Yumna Taib alipenda masomo yote isipokuwa tahajia ya Kiingereza. Kila asubuhi alitoka kwao Kibokoni, mtaa wa kale wa kisiwani, akapita vichochoroni na binamu yake Ziad, aliyesoma naye darasa moja, na njiani akasoma kwa sauti kila kibao cha duka alichokiona. Vya Kiswahili havikumpa taabu. Unaandika unavyotamka, unatamka ulivyoandika, mambo yamekwisha. Kiingereza kilikuwa na ukorofi wake. Kisu chao, knife, kinaanza kwa herufi k ambayo hakuna anayeitamka. Imekaa pale mbele kama mgeni asiyesalimu, na ukiisahau unakatwa alama.

Vistari navyo vilimkera vibaya sana.

"Mama mkwe wa Kiingereza amefungwa vistari viwili," alimwambia Ziad. "Mother-in-law. Kwani Waingereza waogopa atatoroka?"

"Na ice cream je?" Ziad akajibu. "Kamusi moja yaweka kistari, nyingine haiweki. Wenyewe hawajakubaliana, sisi tutajuaje?"

Siku moja Mwalimu Jacinta, aliyewafundisha Kiingereza, alitangaza mashindano ya kuendeleza maneno, yaani kuyataja herufi moja moja, kwa shule za kisiwani. Kila shule ingetoa mwanafunzi mmoja. Yumna alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono.

"Mimi nimehifadhi Juzuu Amma nzima ya Kurani, mwalimu," alisema huku amejishika kiuno. "Maneno haya yatanishinda vipi?"

Majigambo hayo yalimtokea puani kesho yake. Mwalimu alimpa neno Wednesday, jepesi kabisa, naye akaliandika ubaoni kama alivyolisikia: Wenzidei. Darasa liliangua kicheko. Kufikia saa ya mapumziko hata watoto wa madarasa ya chini walikuwa wakimwita Bi Wenzidei, na kila alipopita waliuliza kama leo ni Wenzidei au ni kesho.

Mwalimu Jacinta alimwita pembeni. "Nitakujaribu tena Ijumaa, Yumna. Ukishindwa, nafasi nitampa Ziad. Sitaki uende kuaibika mbele za watu."

Yumna aliumia moyoni. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote, na sasa ilikuwa inamponyoka kwa mdomo wake mwenyewe. Alifika nyumbani macho yamemwiva. Nyanya yake, Bi Mejumaa, alikuwa ukumbini, mahali alipowasomeshea watoto wa mtaa chuo cha Kurani. Watoto walikuwa wamekwisha kwenda zao.

"Salaam aleikum, nyanya."

"Waaleikum salaam. Ndoo ukae hapa, mwanangu. Walia nini?"

"Kiingereza, nyanya. Kina herufi zinaandikwa na hazisomwi. Ni ujinga mtupu."

Bi Mejumaa alicheka kidogo. "Na lamu ya Washamsi, waisoma?"

Neno hilo la Kurani lina herufi l, yaani lamu, inayoandikwa lakini haitamkwi. Ile lamu Yumna alikuwa akiiandika tangu alipokuwa mdogo, ulimi ukiiruka, na hakuwahi kuilalamikia hata siku moja.

"Ulijuaje kuwa ipo?" nyanya akauliza.

"Kwa hijai. Ulitusomesha herufi moja moja kwa sauti. Tukikosea, twarudi mwanzo."

"Na hicho Kiingereza wakisoma hivyo?"

"La. Nakitazama tu."

"Basi usikitukane. Hujakisoma bado. Mimi sikijui, lakini masikio ninayo. Mwite Ziad aje na kamusi. Ukisita tu, warudi mwanzo."

Ziad alikuja. Angeweza kukaa kwao akaingoja nafasi imdondokee, lakini hakuwa mtu wa namna hiyo. Kila jioni baada ya Maghribi alilitaja neno, na Yumna, amekunja miguu mkekani, akayumba mbele na nyuma kama ilivyo desturi ya chuoni, akizitaja herufi kwa mahadhi ya hijai. Hata vistari alivitaja, kila kimoja mahali pake. Alipositasita, Bi Mejumaa aligonga sakafu kwa kidole, naye akaanza upya. Koo lilimkauka na mgongo ukamuuma, lakini herufi zilianza kukaa. Ijumaa alijaribiwa mbele ya darasa zima, akiyumba vile vile, na hakukosea hata neno moja.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa Tononoka. Sheria ilikuwa moja: ukikosea mara mbili, unatoka. Yumna alipowaona wenzake wa shule nyingine wamesimama wima, mikono nyuma, aliona haya kuyumba. Naye akasimama wima. Akalifikiria neno lake kimyakimya, akababaika, akakosa. Alibakiwa na nafasi moja tu.

Zamu yake ilipofika tena, alipiga moyo konde. Alifumba macho, akaanza kuyumba, na herufi zikamtoka kwa mahadhi yale yale ya ukumbini kwao. Vicheko vikasikika nyuma. Mwamuzi akawanyamazisha, kisha akasema, "Sawasawa." Neno la pili, sawasawa. La tatu, sawasawa. Kufikia hapo hakuna aliyecheka tena.

Mwisho walibaki wawili, yeye na mvulana mmoja mrefu aliyevaa tai. Mvulana alipewa neno handkerchief, akaisahau d, na hilo lilikuwa kosa lake la pili. Neno likaletwa kwa Yumna.

"H, a, n, d," alianza, akiyumba, "k, e, r, c, h, i, e, f."

"Sawasawa."

Ziad aliruka juu ya benchi akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Yumna alilipokea kombe kwa mikono miwili, akalikumbatia kifuani kwa furaha.

Jumatatu, Mwalimu Jacinta aliliweka kombe mezani mbele ya darasa.

"Yumna alijigamba akaanguka," alisema. "Nyote mlicheka. Kisha akakaa chini akasoma kwa bidii, na kwa njia aliyofunzwa nyumbani kwao. Kule Tononoka aliionea haya akakosea, akaacha haya akashinda. Kitu kigumu hakilainiki kwa kulalamikiwa. Kinalainika kwa kurudiwa. Haya, fungeni vitabu."

Kisha akaandika neno refu ubaoni, akalifuta, akafumba macho na kuanza kuyumba. Darasa zima likayumba pamoja naye, na herufi zikasikika mpaka barabarani.