Darasa la Mzizi Halifungwi

Adhuhuri ile duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika. Kaunta moja, wateja ishirini, na kila mmoja anataka kuhudumiwa kwanza. Mwanamke mwenye suruali pana ya kijivu na blauzi ya njano alijipenyeza mbele, akaomba makopo mawili ya rangi nyekundu ya sakafu.

"Sakafu ya saruji?" akauliza mwanamume nyuma yake. Ovaroli yake ilikuwa nyeupe magotini kwa vumbi la vigae.

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza. Lakini kama ina unyevu, rangi itabanduka mwezi haujaisha."

"Wewe fundi au mganga?"

"Fundi vigae. Utabiri naongeza bure."

Watu wakacheka. Mwanamke hakucheka, ila aliondoka na namba ya simu ya fundi.

Sakafu ilikuwa ya chumba cha ghorofani, juu ya duka la miwani. Humo mwanamke huyo alikuwa mwalimu, akiwafundisha wanaoanza kuijua na kuituliza chakra ya mzizi. Akaacha rangi, akamwita fundi aweke vigae. Siku ya tatu, vigae vyekundu vimeshashika, fundi akauliza hiyo chakra ni mnyama gani.

"Wenye elimu ya yoga husema mwilini mna vituo saba vya nguvu," mwalimu akajibu. "Cha kwanza kiko chini kabisa, mwisho wa uti wa mgongo, hapo unapokalia. Rangi yake nyekundu. Kikitulia, unajua una mahali pako duniani. Kikiyumba, unaishi roho juu, unakimbia hata hujafukuzwa."

"Na dawa yake?"

"Hapa si kwa dawa. Ukiumwa nenda hospitali. Hapa unavua viatu, unakaa, unapumua polepole, unaisikia sakafu inavyokubeba. Haya, kaa."

Akakaa karibu na mlango, kiatu kimoja mkononi.

"Hebu jione! Umekaa kama mtu anayesubiri kuambiwa toka."

Fundi akaweka kiatu chini. Baba wa kambo alimtimua nyumbani akiwa na miaka kumi na tano, na tangu hapo akazoea kumwitikia "ndiyo" kila mwenye nyumba. Alikuwa hajamwambia mtu. Siku hiyo alimwambia mwalimu.

Mapenzi yao hayakuwa ya kunong'ona. Kila asubuhi simu ililia kazini kwa fundi, naye akaipokea mikono ikiwa na saruji.

"Umepumua leo?"

"Nisingepumua, mpenzi, ungepigiwa na watu wengine."

"Mjinga wewe! Nyayo zote mbili chini?"

"Nyayo chini, moyo uko kwako."

"Loo! Nani kakufundisha hayo?"

Mwezi wa sita wa mapenzi hayo fundi akavaa vizuri, akaenda kwa dada mkubwa aliyemlea mwalimu, kupeleka neno la posa. Dada alikuwa karani, mtu wa kuuliza swali moja likatosha.

"Mdogo wangu anawakalisha watu wazima sakafuni wapumue. Mtaa unasema anafuga mashetani. Ukimwoa, hilo darasa litaendelea?"

Fundi akauona mlango. Hofu ya yule mvulana aliyetimuliwa ikamrudia.

"Hapana, dada. Akishaolewa ataacha."

Hata nyumbani hajafika, simu ikaita.

"Nitaacha nini?"

"Mpenzi, nilitaka tu wanikubali..."

"Kwa hiyo ili upate kiti kwao, uking'oe changu? Wa kuniachisha kazi yangu hajazaliwa. Usinipigie tena!"

Wiki mbili fundi alikaa sakafuni kila asubuhi akipumua. Hakupata utulivu, alipata aibu. Kisha akampigia dada: "Nakuja Jumamosi. Nina neno." Dada akafurahi, akidhani mambo yameiva. Akawaita shangazi, mjomba na mwalimu mwenyewe.

Jumamosi asubuhi fundi aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi hadi kola ikasimama. Alipoonyeshwa kiti, hakukaa.

"Dada, nilikudanganya. Kuhusu darasa mdogo wako hakunituma, wala sikumuuliza. Niliogopa mtanikataa. Bado naogopa. Lakini darasa halifungwi. Nimekuja kumposa yeye na kazi yake."

Mjomba akakohoa. "Bwana, unajua unaongea na nani?"

"Najua, mjomba."

"Mimi hayo ya kukaa sakafuni siyaelewi," shangazi akasema.

"Hujaja hata siku moja, shangazi," mwalimu akajibu.

"Na siji!"

"Usije. Lakini usinifungie kitu usichokijua."

Dada akainuka. "Basi. Kwa masharti hayo, hapa hatupokei posa."

Fundi yule wa zamani angeomba radhi, angemeza maneno yake, au angeshakuwa barabarani. Huyu akabaki pale pale, jasho likimshuka shingoni.

Mwalimu, ambaye tangu fundi aingie alikuwa hajamtupia jicho, akanyoosha gauni lake la bluu, akaja kusimama mbele yake.

"Ulinisemea mara moja. Ukirudia je?"

"Nifukuze."

"Nitakufukuza kweli, usidhani natania."

"Najua, mpenzi. Ndiyo maana sirudii."

Mwalimu akawageukia wakubwa zake.

"Dada, umenilea. Shangazi, mjomba, nawaheshimu. Jumatatu saa kumi darasa lipo kama kawaida. Na posa hii, kama nyinyi hamuipokei, naipokea mwenyewe."