Santuri za Marehemu Telesphory

— Nani ameanika hizi?

Pantaleo aliuliza kwa sauti ya chini, na hapo ndipo palipotisha, maana tunamjua ni mtu wa kufoka. Nyuma yake alisimama mnunuzi kutoka Dar, begi begani, ndiyo kwanza ameshuka kwenye treni. Mbele yao, juu ya maturubai ya mpunga, santuri za marehemu baba yake zilijaa uwanja mzima. Jua la mchana la Ifakara lilikuwa limeshazikunja kama chapati.

Jamani, tuelewane kwanza. Marehemu Telesphory alikuwa na baa, na maisha yake yote alinunua santuri za dansi mpaka chumba kizima kikajaa. Mvua za El Niño zilipoingiza maji ndani, masanduku yakalowa, yakaanza kunuka uvundo. Pantaleo hakujali harufu. Alikuwa anashinda posta kupiga simu Dar kutafuta mteja, hali wala halali. Mzee Kelestini, baba wa mchumba wake Dorotea, alikuwa ameshasema wazi kwamba Nazari wa Malinyi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ameleta posa. Pantaleo asipopeleka mahari mwezi huo, binti anakwenda Malinyi. Kwa hiyo kuuza zile santuri ndiko kumpata Dorotea, hakuna njia nyingine.

Sasa Pantaleo alipokwenda stesheni kumpokea mteja, treni ikachelewa. Mama yake, Margareta, akaona aibu mgeni akute uvundo. Na huku kwetu bondeni kilicholowa kinaanikwa, kiwe mpunga, samaki au godoro. Akazifuta kwa kitambaa na sabuni, akazitandaza zote juani, akaingia jikoni kupika. Dorotea alipofika kumsaidia, ndiye aliyeziona zimepinda, akamwita. Mama alikaa chini palepale akasema amemuua mwanawe. Hata hajainuka, wanaume wakaingia.

— Nimeuliza, nani ameanika?

Majirani walikuwa wameshasogea. Mama akafungua mdomo. Dorotea akamuwahi.

— Mimi.

— Wewe? Unajua hizi zilikuwa za nini?

— Najua.

— Basi umefanya makusudi. Kama unamtaka mwenye mashine, si ungesema tu? Nenda. Nenda kwa Nazari.

Dorotea alimwinua mama, akamkalisha kwenye kigoda, akaondoka. Iliuma, tusidanganyane. Mnunuzi aliokota mbili tatu, akatikisa kichwa, akaulizia gari la kumtoa Ifakara.

Siku zilizofuata Pantaleo hakutulia. Alikuwa anaendesha baiskeli mpaka Kiberege, anageuza, anarudi. Anakaa, anasimama, anachungulia njia. Alimchukia Dorotea na huku anamtaka, na vyote viwili vilimkosesha usingizi. Mama naye alikuwa anamkwepa humohumo ndani. Habari ilipofika kwamba watu wa Nazari wanakuja kupanga siku ya harusi, mama akashindwa kuvumilia.

— Pantaleo, kaa. Yule binti hakuanika kitu. Ni mimi.

— Mama, usimbebee.

— Yeye ndiye amenibebea mimi. Niliogopa utanifokea mbele ya mgeni, nikanyamaza. Tangu siku ile chakula hakipiti.

Pantaleo alitaka kukimbilia kwa Dorotea saa ileile, mama akamzuia, akamwambia kwa ulimi ule alionao atazidi kuharibu.

Asubuhi mama akaenda mwenyewe kwa Mzee Kelestini. Si desturi hata kidogo, mambo ya posa yana mshenga wake. Lakini alikwenda, akapiga magoti, akasema yote. Mzee akamwita binti yake, akamuuliza kwa nini alikubali kutukanwa kwa kosa la mtu mwingine.

— Baba, huyu ni mjane. Ningemwacha afokewe na mwanawe mtaa mzima unasikia?

Mzee akasema Nazari atafute kwingine, na mahari ya Pantaleo itangoja mavuno. Mama Margareta akalia kwa furaha. Aliyekataa ni Dorotea.

— Baba, wewe umesamehe. Mimi alinifukuza mbele ya watu. Aje aseme mbele ya watu.

Jumapili, misa ilipokwisha, Pantaleo alisimama nje ya kanisa, shati limelowa jasho. Mama yake alikuwa pembeni kidogo, ameinamisha kichwa, anangoja kutajwa.

— Nilimfukuza Dorotea kwa kosa lisilo lake. Hakuanika zile santuri.

— Sasa alianika nani? mtu akauliza.

Pantaleo alimtazama mama yake. Watu wote walikuwa wanasubiri.

— Nilianika mimi, kabla sijaenda stesheni. Nilipoziona zimeharibika nikaona aibu, nikamsukumia yeye.

Wengine waliguna, wengine wakacheka wazi, na mmoja akasema hilo ni zoba, mjinga wa mwisho. Pantaleo alisimama akayapokea yote bila kufoka. Mama alikuwa ameinua uso, haamini.

Dorotea alipita katikati ya watu, akaja kusimama kando ya Pantaleo, akamshika mkono kila mtu anaona.

— Twende nyumbani, alimwambia. Mama amechoka kusimama.