Aki Iliyofumba Mdomo

Kimbunga kilipopita, mti wa Linval wa aki, matunda yanayopikwa kama mboga, ulibaki na tawi moja tu. Matawi mengine yalilala uani, yamejaa matunda. Yalikuwa mekundu ya kupendeza, lakini yote yamefumba.

Linval alikuwa mjane. Aliishi na binti yake Verona, na mjukuu wake Tashi wa miaka mitano. Siku nne mfululizo walikula shelisheli la kuchoma, bila kitoweo.

"Redio inasema chakula cha msaada kiko njiani," Verona alisema.

"Njia ipi?" Linval alicheka kwa uchungu. "Mama yako alipougua wakubwa wa serikali walisema daraja la mtoni litajengwa. Mama yako yuko kaburini, na daraja liko kwenye makaratasi yao."

Akachukua kisu, akapasua aki. Akatoa mbegu nyeusi na utando mwekundu, akabakiza nyama ya manjano.

"Baba, si tungengoja zifunguke zenyewe?"

"Zitafungukia wapi, na matawi yamelala chini? Ona zilivyoiva. Tutazichemsha sana."

Wakazipika na kipande pekee cha samaki wa chumvi walichokuwa wamekiweka akiba. Linval na Verona walionja kijiko kimoja kimoja, ili mtoto ashibe. Tashi alilamba sahani.

Alasiri akaanza kutapika. Kisha akalegea, macho yanafumba. Verona akakimbia kumwita jirani yao Pearline, mhudumu wa afya.

"Amekula nini?" Pearline aliuliza.

"Aki."

"Zilifunguka mtini?"

Linval akageuka kumpangusa Tashi mdomo.

"Mzee Linval, nakuuliza! Zilipiga miayo mtini, au umezipasua?"

"Nimezipasua. Lakini zimechemka saa nzima, Pearline."

"Hata ungezichemsha mpaka Krismasi! Aki ambayo haijafunguka yenyewe mtini ina sumu, na moto hauimalizi. Sumu hiyo inaishusha sukari ya mwili. Verona, lete maji ya sukari. Bado yuko macho, anameza. Mpe kidogo kidogo. Nanyi mnywe, halafu sote hospitali, sasa hivi."

"Tutavukaje mto?" Verona alilia.

Linval alikuwa ameshamfunga Tashi mgongoni kwa shuka. "Nilingoja wakubwa mara moja, nikazika mke," alisema. "Leo singoji mtu."

Akaingia mtoni, maji yakamfika kiunoni. Pearline na Verona walimshika shati nyuma. Ng'ambo walipata lori la ndizi, likawafikisha hospitali. Huko Tashi alitundikiwa dripu ya maji ya sukari. Verona na baba yake wakapimwa, wakaonekana wazima. Siku ya pili mtoto aliomba uji. Linval akatoka nje, akajifuta uso kwa kofia.

Aliporudi nyumbani alizifukia aki zote zilizobaki. Kisha akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Alimkuta Hopeton, fundi viatu, amekaa na beseni la aki na kisu.

"Weka kisu chini, Hopeton."

"Nani kakutuma? Serikali?"

"Serikali ikinituma nitakataa. Mjukuu wangu nusura afe kwa hizo."

"Basi nitazianika juani zifunguke."

"Iliyoanguka imefumba ni sumu, hata ikifungukia juani. Ni mpaka ipige miayo mtini. Hata hiyo, mbegu tupa, utando mwekundu tupa, maji ya kuchemshia mwaga."

"Kwa hiyo nile nini? Viatu vya watu?"

"Njoo kwangu, shelisheli lipo."

Hopeton alinung'unika. Lakini alizimwaga kwenye shimo la taka, akaja kula.

Msimu uliofuata, tawi lile moja lilizaa. Kila asubuhi Linval alitazama juu, hakugusa. Aki zilipofunguka, mbegu nyeusi zikachungulia nje, akazitungua. Verona akazipika vizuri, na safari hii wote walishiba.

Siku hiyohiyo gari la wakubwa lilifika na mabango ya kuonya kuhusu aki. Kijana mmoja aliyevaa tai akaanza kumweleza Hopeton, aliyekuja kula uani kwa Linval.

"Umechelewa, bwana mdogo," Hopeton alimkatiza. "Hapa kwetu tangu kimbunga hakuna mtoto mwingine aliyeugua."

"Nani aliwafundisha?"

Hopeton akanyoosha kidole kwa Linval, aliyekuwa akimpakulia Tashi sahani ya pili.