Mshale wa Barometa

Kila asubuhi kabla ya chai nilisimama mbele ya barometa ya babu, nikagonga kioo kwa kidole na kumsomea. Babu alifanya kazi kituo cha hali ya hewa miaka thelathini, lakini sasa macho yake hayakuona vizuri.

"Haya, karani wangu, mshale unasemaje?"

Mshale mweusi ulifuata hewa wenyewe; nikishausoma, niliusogeza kwa mkono ule wa shaba juu yake, ili kesho tujue hewa imebadilika kiasi gani.

Nyumba ilikuwa kimya mno. Mama alikuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, ng'ambo ya vilima, na alirudi Jumamosi kwa pikipiki ya kukodi iwapo njia ya udongo ilikuwa kavu. Mvua ilikuwa imemzuia Jumamosi tatu. Nilifika mahali nikawa naizungumzisha birika.

Jumanne mshale ukapanda, anga likatakata.

"Mgandamizo mkubwa wa hewa umefika juu yetu," babu alisema. "Hewa inashuka polepole, inapata joto, mawingu yanayeyuka. Lakini haukai mahali pamoja. Unasafiri, na ukiondoka mawingu yanapata nafasi."

Jumamosi asubuhi mshale mweusi ulikuwa chini sana ya ule wa shaba. Nje jua lilikuwa linawaka. Simu ikalia.

"Mwanangu, muulize babu kama nije."

"Mshale unasemaje?" babu akauliza.

"Uko palepale, babu." Nikausogeza wa shaba haraka, kana kwamba kuna mtu angeona. Babu akamwambia mama aje.

Saa nane mchana mvua ilishuka kama iliyotumwa. Simu ya mama haikupatikana.

"Ajabu," babu alinong'ona. "Barometa hii haijawahi kunidanganya."

Nilishindwa kuvumilia. "Si barometa, babu. Ni mimi."

Hakunigombeza. Aliipiga simu ya mama tena na tena, na hilo liliniuma zaidi.

Mama alifika Jumapili asubuhi, matope hadi magotini, anachechemea. Pikipiki ilikwama, akalala kwenye baraza ya duka. Nilimwomba msamaha, akanikumbatia, kisha usingizi ukamchukua kabla sijamsimulia lolote. Adhuhuri akaondoka, kwa sababu wajenzi walihitaji chakula cha jioni. Nilikuwa nimempata mama, lakini akiwa amelala.

Jumamosi iliyofuata mshale ulishuka tena. Simu ilipolia, niliipokea mwenyewe.

"Umeshuka, mama. Usije."

"Asante, mwanangu."

Nililia, sikujificha. Babu akanivuta karibu.

"Najua umemkosa," alisema. "Lakini tunasoma kilichopo, si tunachokitamani. Kuna mtu anasubiri neno lako ndipo aingie barabarani. Ukweli wako leo umemlinda."

Siku nne baadaye mgandamizo mkubwa ulirudi, ukatulia. Jumamosi nilisoma mara mbili kabla ya kupokea simu.

"Uko juu, mama. Njoo!"

Saa tano akaingia, vumbi hadi kwenye kope, na hakuwa na usingizi hata kidogo.