Neno Lililomtisha Muhigi

"Kula basi! Si imbwa yako ndiyo imeiua?"

Nabintu alimtupa kuku mfu miguuni pa Apollinarie. Wanawake hawa walipakana viwanja hapa Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Nabintu alitoka Kivu ya Kusini, Apollinarie alitoka Burundi. Miaka saba waliazimana chumvi na makaa. Leo watu walijaa uani kama kuna harusi, na kila mmoja alikuwa na la kusema.

"Mama Bienfait, nisamehe," Apollinarie alimwambia Nabintu. "Huyu mbwa hana ubaya. Ngoja nimwite umwone. Muhigi! Njoo!"

Muhigi alikuwa amelala chini ya kichanja cha vyombo. Aliposikia "njoo" alijikojolea. Kisha alichomoka mbio, akapita katikati ya vifaranga, akaponda wawili.

"Muliona?" Nabintu alilia. "Nilikuwa na kuku mingi. Sasa batoto bangu bakule manyoya?"

Chermani, mwenyekiti wa kijiji, alitikisa kichwa. "Basi. Jumapili baada ya misa, mbwa huyu auawe."

Watu wakatawanyika na habari yao. Apollinarie akabaki na kuku mfu.

Muhigi kwa Kirundi maana yake ni mwindaji. Thaddée, mume wa Apollinarie, ndiye aliyempa jina hilo. Mama yake Muhigi alikuwa mbwa hodari. Nyani wakimwona tu, waliacha mahindi wakakimbia. Kisha Thaddée akafa. Mama mbwa naye akafa. Posho ikapunguzwa, na nyani wakarudi shambani mchana kweupe, wakivunja mahindi kama yao. Apollinarie alibaki na watoto wanne na mbwa mmoja mdogo asiyejua kazi.

Ndiyo maana alimtafuta mwalimu wa mbwa. Alimpata sokoni Mbarara. Mtu huyo alivaa buti za jeshi, na filimbi ilining'inia shingoni. Maneno yake yalikuwa matamu kama asali.

"Mwezi mmoja tu, mama. Nitakurudishia simba. Lakini usije kumwona. Akikuona atasahau masomo."

Apollinarie aliamini. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini mwenye shida husikia anachotaka kusikia. Muhigi alirudi mbavu nje, na kovu juu ya jicho. Nyani akawaogopa. Kuku akawala.

Ijumaa asubuhi Apollinarie alichukua kamba. Aliona heri amfunge yeye mwenyewe kuliko wanaume wamkimbize kwa mawe. Alikaa chini, kamba magotini, akashindwa kusimama.

"Nyabo, mama, uko nyumbani?"

Alikuwa Orpa, mganga wa mifugo kutoka Rugaaga, akipita nyumba kwa nyumba kuchanja mbwa. Aliona kamba. Alichuchumaa mbali kidogo na Muhigi, akageuza uso pembeni, akanyosha mkono. Baada ya muda mrefu Muhigi alisogea, akamnusa mkono.

"Hii mbwa hapana mbaya," alisema Orpa. "Iko na woga. Ukisema nini inakimbia?"

"Nikisema njoo. Amekuwa hivi tangu arudi kutoka kwa mwalimu wa mbwa, na sasa anakula kuku."

Muhigi akaruka, akajificha nyuma ya mtungi.

"Ah! Yule mwalimu alikuwa anaita njoo, halafu anapiga. Na kuku je? Alimnyima chakula, akamtupia kuku hai, ndiyo awe mkali. Nyabo, ukali hapana kazi. Wewe ulienda kuona pale alifundishia?"

"Alinikataza."

"Mwenye kuficha mlango, kimbia! Alikuonyesha mbwa ingine alifundisha?"

"Alinionyesha picha kwenye simu."

Orpa alipiga ulimi. Apollinarie akaanza kulia. "Ni mimi. Ni mimi niliyempeleka kwa mkono wangu."

"Lia, nyabo. Halafu tunaenda kwa chermani."

Chermani alinung'unika, lakini alikubali. Mbwa afungwe mpaka mahindi yakomae. Akila kuku mmoja tena, auawe.

Orpa alimtaja mwalimu mwingine wa mbwa, Kayumba wa Kakiika, pembeni mwa Mbarara. "Lakini usiamini mdomo wangu pia," alisema. "Enda bila kumwambia. Angalia mbwa wake akitokea. Mkia ikicheza, vizuri. Mkia ikiingia katikati ya miguu, rudi nyumbani."

Apollinarie alifika Kakiika bila taarifa, Muhigi kwenye kamba. Lango lilikuwa wazi. Kayumba alipotokea, mbwa wanne walimkimbilia, mikia ikicheza. Apollinarie alitafuta fimbo kwa macho. Hakuiona.

Kayumba aliuliza kwanza kadi ya chanjo. Kisha akauliza, "Nani anaishi na mbwa huyu?"

"Mimi."

"Basi ninakufundisha wewe. Utakuja kila wiki. Na kuwinda porini hapana, mpaka uwe na ruhusa ya serikali. Kazi yake ni shamba lako."

Apollinarie alimsimulia yote ya mwalimu wa kwanza. "Atapona?"

"Mama, siahidi. Yule anayeahidi simba ndiye alikuharibia. Neno 'njoo' limekufa. Tafuta jingine."

Apollinarie alifikiri. Thaddée alimwita mama mbwa kwa Kirundi. "Ngwino," alinong'ona. Maana yake ni njoo.

Ilikuwa kazi ndefu. Ngwino, kipande cha muhogo. Ngwino, mkono wa polepole. Wiki tatu Muhigi hakusogea. Apollinarie alirudi nyumbani akijiambia kwamba kamba ingekuwa rahisi. Wiki ya nne Muhigi alipiga hatua moja. Kisha Kayumba akamzoesha kuku, mbwa ameshiba, kamba fupi mkononi.

Hakupona kabisa. Mpaka leo mtu akisema "njoo", anatetemeka. Mtaa mzima umejifunza kusema "ngwino", hata Wakongo.

Lakini mahindi yalipokomaa, Muhigi alibweka pembeni mwa shamba, na nyani wakapita mbali. Shamba la Nabintu nalo likapona.

Mchana mmoja Nabintu alisimama kwenye uzio, akimtazama Muhigi amelala katikati ya kuku wake. Yeye na Apollinarie walikuwa hawajasemeshana tangu siku ile. Harufu ya mahindi na maharage ilitoka ndani.

"Mama Bienfait," aliita Apollinarie, "mbona umesimama kama nguzo? Ngwino tule!"

Muhigi aliamka, akaja mbio, akaketi mlangoni.

"Si wewe niliyekuita!"

Nabintu alicheka mpaka akashika uzio. "Weye imbwa, ni mimi naitwa," alisema, akiinama kuingia. "Sogea, unipe fasi."